Masale Niliyoyakata Rombo

Vijana wa gereji mmeniomba mara tatu niandike habari za miaka yangu ya usukani, nami naandika ili mpate kunyamaza. Nimerudisha funguo, nimerudisha koti la kazi, na sasa nakaa barazani kwangu hapa Rau nikisikia mnavyokwaruza gia mpaka huku. Nani alipandishwa cheo na lini, sitaandika. Hayo mnayajua, na mkiyasimulia mnayatia chumvi. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na hasa safari moja ya miaka ya thelathini ambayo nimewahi kuisimulia nusu tu, kwa sababu nusu ya pili inaniaibisha.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunjika kidole. Fundi Mbaraka, Mdigo wa Tanga aliyenifundisha kila kitu ninachojua, alinipa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, akaniambia washa. Nikaishika kama watu wanavyoshika mpini wa jembe, dole gumba upande huu, vidole vingine upande ule. Injini ikarudisha teke. Fundi alikuwa ameona tangu mwanzo jinsi nilivyoshika, akakaa kimya kwa makusudi. Alinifunga kidole kwa utambi wa taa, kisha akasema kwamba dole gumba hulala upande mmoja na ndugu zake, na kwamba sasa hatakuwa na haja ya kunikumbusha. Hakunikumbusha tena, na mimi sikusahau.

Mwaka mzima sikugusa usukani. Niliziba mipira, nilisugua plagi, nilichuja petroli kwa ngozi laini ili maji yasipite. Jioni Fundi alinikalisha chini akanisomesha matope, maana kwenye mlima huu dereva asiyejua matope hana kazi. Gari likikwama, alisema, usikanyage petroli kwa hasira. Shuka, litazame gurudumu, halafu tafuta kitu kigumu chenye nyuzi ukitie chini yake. Tope halitishwi kwa kelele. Mafunzo hayo yalikuwa mazuri, na ndiyo yaliyonitia matatani, kwa sababu Fundi alinifundisha cha kutafuta lakini hakunifundisha cha kuacha. Yeye alikuwa mtu wa pwani. Mimi nilizaliwa mjini Moshi, baba Mmanyema, mama Mpare, nikauona mlima kila asubuhi ya maisha yangu, na habari za watu wanaoishi juu yake sikuzijua.

Nilikuwa na miaka minne ya udereva alipokuja mzungu mmoja mzee na kitabu. Tulimwita Bwana tu. Alikodi gari pamoja na mimi kwa siku sita, na shabaha yake ilikuwa kufuata kwa motokaa njia aliyopita mzungu mwingine wa zamani sana, kabla Wadachi hawajajenga boma, aliyezunguka mlima kwa miguu na wapagazi kutoka Moshi mpaka Rombo. Kila alipopiga kambi mtu yule, na sisi tusimame. Kila alipotazama kilele, na sisi tutazame. Nilimwambia Bwana kwamba mandhari ni mazuri pia ukiyatazama kutoka kwenye barabara nzuri, akasema barabara nzuri haimo kitabuni.

Akatafuta pia mwongoza njia. Akaletewa Mzee Eliakimu kutoka Old Moshi, mkulima wa kahawa na mzee wa usharika, mtu wa miaka hamsini hivi, mkimya, aliyevaa koti jeusi hata kwenye jua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi nyuma juu ya mizigo na fimbo yake kati ya magoti. Nikadhani ni mmoja wa wale wanaofurahia kupanda gari. Sikujua alikuwa ameitafuta safari ile kwa miezi.

Niliambiwa siku ya pili, tulipopumzika Marangu kusubiri maji ya rejeta yapoe. Bwana alikuwa amejitenga, anachora. Mzee Eliakimu akanieleza polepole, macho yake yako kwenye mto. Baba yake, jina lake Nderingo, alikuwa mmoja wa wapagazi wa mzungu yule wa zamani. Msafara uliporudi Moshi yeye hakuwamo. Mnyapara wa wapagazi alisimama mbele ya mangi, mtawala wao, akasema Nderingo ametoroka na sanduku la vipimo vya mzungu. Mangi akachukua ng'ombe wao wote wawili. Mama yake akabaki na mtoto wa kunyonya, na mtoto yule ndiye huyu aliyekuwa akizungumza nami. Alikua akiitwa mtoto wa mwizi. Alipobatizwa, alipooa, hata alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, kulikuwa na mtu pembeni wa kukumbusha.

"Sitaki ng'ombe," aliniambia. "Nataka kujua kama baba yangu aliiba. Kama aliiba, basi nijue, nizeeke nalo. Rombo ndiko alikopotelea."

Nilimuuliza kama Bwana anajua. Akasema hapana, na nisimwambie. Jioni ile ile, kwa bahati mbaya, Bwana akaufikia ukurasa wenyewe. Alikuwa na desturi ya kutusomea kitabu wakati wa chai, akikigeuza Kiswahili chake cha shambani, na akatueleza akicheka kidogo kwamba huko mbele, penye korongo fulani baada ya Mwika, mpagazi mmoja wa Moshi alimkimbia bwana mkubwa na sanduku la vipimo, ndiyo maana urefu wa vilima vya Rombo umekosewa kwenye ramani. Mzee Eliakimu alimaliza chai yake, akakiosha kikombe, akaomba ruhusa ya kwenda kulala. Mimi nilibaki nikimtazama Bwana nikiwa na hasira ambayo hakustahili, maana hakujua.

Siku ya tatu mambo yalianza kuharibika tangu asubuhi. Gari letu lilikuwa la zamani, la aina ile ambayo petroli huteremka yenyewe kutoka kwenye tangi mpaka kwenye injini, bila pampu. Nyinyi wa siku hizi hamlijui. Mlima ukiwa mkali, pua ikiinuka, petroli haifiki, injini inazima. Dawa yake ni kugeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume. Nilipanda hivyo vilima viwili vya Mwika, shingo imepinda, Bwana akinung'unika kwamba mtu wa kitabuni hakwenda kinyumenyume hata siku moja. Kwenye kilima cha pili mnyororo wa kuzuia kuteleza kwenye tairi la kushoto ukakatika, ukabaki wa kulia peke yake. Juu ya Mawenzi wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, na upepo umetulia kabisa.

Nikasema turudi tukalale Mwika. Bwana akafungua kitabu akaonyesha kwamba kambi ya siku ile ilikuwa ng'ambo ya korongo. Nilimtazama Mzee Eliakimu nikitegemea ataniunga mkono kwa kuwa yeye ndiye mwongozaji. Akasema, "Twende." Hapo nikafahamu kwamba ndani ya gari lile mwenye akili timamu ni mimi peke yangu, na ndiye niliyekuwa sina kauli.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa korongo. Njia ilikuwa imechongwa ubavuni, upande wa kulia ukingo wa migomba, upande wa kushoto hakuna kitu mpaka chini kwenye mawe ya mto. Mzee Eliakimu alishuka akatangulia kwenda kutazama kama magogo ya daraja yamekaa sawa, akapotea kwenye kona. Mimi nikamfuata polepole kwa gia ya kwanza, na hapo udongo mwekundu ukalainika chini yangu. Nilikanyaga breki. Magurudumu yakafunga, gari likaendelea kwenda, ubavu ubavu, bila haraka, kuelekea kushoto. Likasimama lenyewe. Nilipochungulia, gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limebakiza kiasi cha kiganja cha mkono kufika ukingoni.

Nilimwambia Bwana ashukie upande wangu, asitikise. Akashuka, na kitabu chake kifuani. Nikaweka mawe nyuma ya gurudumu, tope likayameza. Nikakata majani ya migomba nikayatandika, gurudumu likateleza juu yake na gari likasogea tena, nusu ya kiganja. Nilikumbuka somo: kitu kigumu chenye nyuzi. Nikainua macho, na hapo juu ya ukingo wa kulia, pembeni ya kihamba cha mtu, yaani shamba lake la urithi, niliona masale manne yamesimama kwa mstari, marefu kuliko mimi, mashina yake manene kama mkono, majani marefu yasiyokatika upesi. Nilikuwa nimeyaona masale maisha yangu yote. Kwangu yalikuwa miti ya ua wa kuzungushia mashamba ya Wachaga, basi. Nikachukua panga nikayakata yote manne, nikayalaza chini ya magurudumu, nikaingia garini peke yangu, nikaachia klachi kwa unyayo kama mtu anayekanyaga yai.

Magurudumu yakashika. Gari likapanda juu ya yale mashina, likayasaga, likatoka ukingoni mpaka katikati ya njia. Nilizima injini, nikaegemea usukani nikasema alhamdulillahi. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wameshajaa.

Walikuwa kama kumi na wawili, wanaume wenye mapanga waliotoka kwenye migomba yao, na wanawake nyuma yao. Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Mzee mmoja mwenye rozari shingoni, jina lake Aloisi kama nilivyokuja kujua, alipita mbele ya gari, akainama, akaokota shina moja lililokuwa limepasuka. Alilipangusa tope kwa kiganja. Akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, nani amekata.

Sasa nafika kwenye ile nusu ninayoiruka. Nilitazama mapanga, nikamtazama Bwana aliyekuwa amelowa na kitabu chake, nikasema, "Bwana ndiye aliyeniagiza."

Bwana alielewa. Aligeuza uso akanitazama. Mzee Aloisi alimtazama yeye, kisha mimi, na wale wanaume wakasogea wakalizunguka gari. Mmoja akatoa hendeli mbele ya injini akaishika. Hivyo ndivyo tulivyokaa, mvua inatunyeshea, mpaka Mzee Eliakimu alipotokea akipanda kutoka darajani. Aliona gari limesimama salama akatabasamu. Kisha akaona kilichokuwa chini ya magurudumu, na tabasamu likaondoka.

Alinivuta kando. Kichaga chake cha Kimochi na Kirombo chao havisikilizani, ndiyo maana siku ile yote ilikwenda kwa Kiswahili, nami nikasikia kila neno. Akaniambia sale si ua. Sale ni mpaka, na sale ni kaburi. Palipopandwa sale, mtu halimi, hachimbi, hakati. Na sale ndilo jani la kuombea msamaha: ukilifunga fundo ukampa uliyemkosea, hata kama umemuulia ndugu, ni lazima akusikilize. Akaokota jani moja lililokuwa zima, akalifunga fundo, akanipa.

"Mpe kwa mikono miwili," alisema. "Na umwambie kweli."

Nilipiga magoti kwenye lile tope. Nilimpa Mzee Aloisi jani, nikasema nimekata mimi, kwa mkono wangu, bila kuagizwa na mtu, na kwamba nilisema uongo kwa kuogopa. Aliniacha pale kwa muda mrefu. Hatimaye akalipokea. Akasema mimi ni mtu wa mjini, asiyejua maana haambiwi maana, lakini nilichokata kilipandwa na marehemu mama yake, naye alimwahidi kukilinda, na sasa hajui atamwambia nini mgeni.

Mzee Eliakimu akauliza, mgeni yupi.

Mzee Aloisi akaonyesha kwa kidevu pale juu, penye visiki vinne. Alisema siku hizo yeye mwenyewe alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi. Msafara wa mzungu ulipita hapa, na mpagazi mmoja alikuwa anaumwa, anatapika damu, hawezi tena kusimama. Mzungu alikuwa ametangulia mbele. Mnyapara akamtua yule mtu mzigo wake, akamlaza kando ya njia, msafara ukaondoka. Mama yake Aloisi akamwingiza ndani ya nyumba, ingawa siku zile watu wa Moshi na wa Rombo walikuwa wakichomeana nyumba, na majirani walimsema sana. Akamnywesha maziwa. Siku ya tatu akafa. Wakamzika pembeni ya kihamba, mama akapanda masale ili asije mtu akalima juu yake. Habari hawakupeleka, maana nani angekwenda Moshi akarudi hai.

Mzee Eliakimu aliuliza kama mtu yule alikuwa na jina. Niliiona fimbo yake inavyozama kwenye udongo.

"Nderingo," Mzee Aloisi alisema. "Alikuwa analitaja mwenyewe, tusije tukalisahau. Alisema ana mke, na mtoto bado ananyonya."

"Na mzigo wake?"

"Sanduku. Mnyapara alilichukua akaliweka kichwani mwake mwenyewe. Mimi nilikuwa hapo, karibu kama wewe ulivyo."

Mzee Eliakimu aliketi. Hakutafuta pa kuketi, aliketi pale pale njiani kwenye maji yanayotiririka, koti jeusi na yote, akaweka mikono kichwani. Alilia kwa sauti. Alisema, "Baba, nilikubali. Walivyosema, nami nilikubali." Hakuna aliyemgusa. Mzee Aloisi alielewa kabla hajaambiwa, akamwita mkewe alete nguo kavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa kuwa saa moja tu iliyopita nami nilikuwa nimemtupia mtu mwingine kosa langu, kama mnyapara yule, na mimi hata sanduku la kuficha sikuwa nalo.

Nilimwendea Bwana nikamwomba radhi. Alinikubalia kwa kichwa. Kisha akauliza kama alisikia vizuri, kwamba mpagazi wa kitabuni ndiye baba wa huyu, nikamwambia ndiyo. Alisimama akitazama visiki. Baadaye akaikunja suruali yake, akaomba jembe. Sale likikatwa huchipua ukilichomeka ardhini, na tulivichomeka vipande vyote vilivyokuwa na uhai, mzungu, Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu, mpaka giza likataka kuingia. Safari ya kitabu iliishia hapo. Bwana mwenyewe ndiye aliyesema turudi.

Tulilala kwa Mzee Aloisi, na kesho yake jua likawaka, njia ikakauka, tukafika Old Moshi alasiri. Njiani mara mbili nilimsikia Mzee Eliakimu akikohoa kama anayejaribu maneno. Mama yake alikuwa bado hai, bibi wa zaidi ya miaka sabini, macho yamepofuka, lakini mikono yake ilikuwa inachambua maharage kwenye ungo bila kukosea hata moja. Niliingia na mwanawe, nikamwamkia, nikakaa karibu na mlango. Walizungumza Kichaga. Nitaandika kama Mzee Eliakimu alivyonieleza baadaye.

Alimweleza yote, tangu korongo mpaka masale. Alimwambia, baba hakuiba. Alirudia, akidhani bibi hakusikia, kwa kuwa mikono yake haikuacha kuchambua.

"Kwamba hakuiba nilijua siku ile ile mnyapara alipofungua kinywa," bibi alisema. "Aliyekuwa hajui ni wewe. Nilikuwa nakungoja."

Mzee Eliakimu akainamisha kichwa. Bibi akasukuma ungo pembeni, akamwelekezea uso wake.

"Walimlaza uso wake ukitazama Kibo?"

Maana Wachaga, marehemu wao hulazwa akielekea kilele, na hilo hata mimi nilikuwa nimelisikia. Mzee Eliakimu alinigeukia. Tulikuwa tumesimama juu ya kaburi lile alasiri nzima, tumeuliza habari za sanduku, tumeuliza jina, na hilo hatukuuliza.

"Sijui, Mama," alisema.

"Basi rudini mkaulize."

Nikatoka nje. Bwana alikuwa kivulini anatusubiri, nikamwambia kesho alfajiri tunakwenda Rombo, halafu nikafungua boneti nikaanza kulitengeneza gari.